Maswali ya Wasomaji: Matangazo Tunayaona, Hela Hatuioni

*Kwaya yetu ina chaneli ya YouTube tangu 2021. Tuna nyimbo 14, wafuasi 1,300, na wimbo mmoja umetazamwa zaidi ya mara 210,000. Kabla ya wimbo kuanza matangazo yanapita kama kawaida, lakini hatujapata hata senti. Wazee wa kanisa wameanza kuuliza hela inaliwa na nani.*
Mwimbaji wa sauti ya nne, Tukuyu

Wazee wapoe kwanza, huenda hakuna aliyekula. YouTube huweka matangazo hata kwenye chaneli ambazo haijakubaliana nazo kugawana mapato, na za namna hiyo hela yote inabaki kwake. Kwa hiyo tangazo kuonekana kwenye wimbo wenu si ushahidi kwamba mnalipwa.

Ili mgawiwe mapato ya matangazo mnahitaji wafuasi 1,000, hilo mmeshapita, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Njia mbadala ni video fupi za Shorts kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, na hiyo kwa kwaya tuiache. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wenu ukiwa wa dakika sita na mtazamaji wa kawaida akaondoka baada ya dakika mbili, mtahitaji kutazamwa mara 120,000 kwa mwaka. Zile 210,000 zilizokusanyika tangu 2021 zinapendeza machoni, ila za mwaka juzi hazihesabiwi tena. Fungueni YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia chaneli, sehemu ya mapato, muone mko saa ngapi leo. Mkitimiza, ombeni wenyewe, maana hakuna atakayewaita.

Wakati mnasubiri, tengenezeni suala la umiliki, kwa sababu ndipo kwaya nyingi zinapovunjikia. Chaneli imefunguliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja aliyekuwa na simu nzuri, kijana amehamia Tunduma, neno la siri kaenda nalo. Msigawiane neno la siri. Ndani ya YouTube Studio kuna mipangilio ya ruhusa: ingizeni barua pepe ya mwenyekiti na ya mweka hazina, kila mmoja aingie kwa akaunti yake.

Malipo yanapitia AdSense, huduma ya Google inayolipa hela za matangazo, na mlipwaji mmoja anaruhusiwa akaunti moja tu. Jina mtakaloandika lifanane na la akaunti ya benki herufi kwa herufi. Mapato yakifika dola 10, Google inatuma PIN, namba ya kuthibitisha anwani yenu, kwa posta, barua ya karatasi kabisa. Inachukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, na kama sanduku ni la usharika, mwambieni mapema anayelifungua asije akaitupa akidhani ni tangazo. Miezi minne ikipita bila kuingiza PIN, matangazo yanasimamishwa. Hela yenyewe haitoki mpaka ifike dola 100, kisha hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Kwenye video za kawaida ninyi mnapata 55%, YouTube 45%.

Fomu ya kodi ya Marekani msiiruke. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo 30% itakatwa, lakini ni kwenye mapato ya watazamaji walioko Marekani peke yao. Mkiiacha bila kujaza, makato yanaweza kugusa mapato yote.

Jambo la mwisho, angalieni kama wimbo una dai la hakimiliki. Prodyuza akiupeleka kwa wakala wa kusambaza muziki kwa jina lake, mfumo wa YouTube unautambua wimbo wenyewe na mapato yanamwendea yeye, huku ninyi mkisifiwa kwa kuimba. Dai linapingwa kutoka humohumo kwenye Studio, na mdai ana siku 30 za kujibu. Ila silaha halisi ni karatasi mliyosaini kabla ya kuingia studio, inayosema wimbo ni wa nani na nani atausambaza. Kama hamkuandikiana, kaeni naye mezani kabla ya kubonyeza chochote.

Kwa maoni yetu, msiweke YouTube kwenye bajeti ya sare. Uzinduzi wenye mgeni rasmi na flashi mezani bado unalipa haraka kuliko huko.

*Mvua ikianza tu, king'amuzi kinaandika hakuna mawimbi. Fundi anasema ninunue dishi kubwa. Ni kweli au ananitafutia bei?*
Mama wawili, Makete

Inategemea picha inarudi lini. Matone makubwa ya mvua hunyonya mawimbi ya setilaiti, kwa hiyo mvua nzito ikikata picha na ikarudi yenyewe dakika chache baada ya mvua kupungua, dishi la sentimeta 90 badala ya 60 litasaidia kweli. Lakini mvua ikishaisha na picha haitoki mpaka jua la kesho yake, usinunue dishi. Maji yameingia kwenye konekta, kile kichuma cha mwisho wa waya.

Mwambie fundi afungue konekta iliyo kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya sahani. Uzi wa katikati wa waya unatakiwa kung'aa. Ukiwa mweusi au una unga wa kijani, akate sentimeta kumi za waya, afunge konekta mpya, aizungushie gundi ya silikoni. Waya usishuke moja kwa moja kutoka kwenye LNB hadi dirishani: uache uning'inie kama tumbo kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondokee hapo chini badala ya kufuata waya hadi kwenye king'amuzi.

Kama ni king'amuzi cha Azam, setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, na kwa mtu wa Makete dishi huangalia magharibi, likivutwa kidogo kaskazini, kwenye mwinuko wa nyuzi 57 hivi. Kwa mwinuko huo mlima wa ng'ambo haukuzuii. Mparachichi wa uani unaokua kila mwaka, huo ndio wa kuutilia shaka. Radi zikianza, chomoa umeme na waya wa dishi pia.

*GB 1 naweka asubuhi, mchana hakuna, na nimeangalia video mbili tu. Mtandao unaniibia?*
Kijana wa bodaboda, Mafinga

Piga hesabu kabla ya kumshika mtu ugoni. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ikitiririka saa nzima inakula MB 450. Video yenye ubora wa picha wa 480p inacheza karibu na hapo. Ya 1080p inaweza kutaka mara tatu au nne yake, na kwenye kioo cha simu tofauti huioni. Weka 360p, na uzime kujicheza kwa video inayofuata, kwa sababu wewe umeangalia mbili, simu mfukoni imeendelea na ya tatu na ya nne.

Halafu ingia mipangilio ya simu, matumizi ya data, uone programu zimepangwa kwa ulaji. WhatsApp ikiwa juu, makundi ndiyo yanakula: kwenye hifadhi na data, ondoa alama zote za kupakua ukiwa unatumia data ya simu. Masasisho ya programu na nakala ya chelezo yasubiri Wi-Fi.

*Nilimpa "rafiki" tarakimu sita zilizokuja kwa ujumbe, sasa WhatsApp yangu anaitumia mtu mwingine kuomba hela.*
Mwalimu, Iringa

Jisajili upya kwa namba yako sasa hivi. Ukiingiza tarakimu mpya zitakazokuja, yule anatupwa nje. Ukidaiwa PIN usiyoijua, ameiweka yeye: utasubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN, ila naye hayumo tena. Ndugu na wazazi wa wanafunzi wapigie kwa sauti, usiwaandikie.