Kabla ya kuwekewa seli T za kupambana na virusi: mambo yanayoharibu dozi

Mgonjwa aliyepandikizwa uboho akishikwa na CMV au adenovirusi (virusi vinavyomlemea mwenye kinga dhaifu) huanzishiwa dawa kwanza. Gansiklovia hushusha chembe nyeupe za damu, foskaneti na sidofovia huumiza figo, na zote huzuia tu virusi kuzaliana. Kuvimaliza ni kazi ya kinga, ambayo mgonjwa hana. Ndiyo maana huwekewa seli T (chembe nyeupe za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa) za mtu mwenye afya ambazo tayari zinavijua virusi hivyo.

Ulizieni seli mapema. Kama kiwango cha virusi hakijashuka baada ya wiki 2 za dawa sahihi, msingoje zaidi. Kuzikuza maabara huchukua takriban siku 10 hadi 14, bado vipimo vya usalama. Zipo pia benki zenye seli zilizogandishwa tayari, na hapo ndipo wengi hujikwaa kwenye HLA, yaani alama za juu ya seli ambazo seli T huvitambulia virusi. Idadi ya alama zinazolingana haitoshi. Ulizeni: seli hizi zinavitambua virusi kupitia alama ipi, na mgonjwa anayo? Alama 4 zikilingana lakini kazi yote inapitia ya 5 asiyokuwa nayo, mmeweka maji. Tena tumieni HLA iliyopimwa kabla ya upandikizaji, kwa sababu damu ya sasa inaonyesha HLA ya aliyetoa uboho, ilhali ini, utumbo na mapafu yenye virusi bado ni ya mgonjwa.

Steroidi, dawa zinazoshusha kinga, ndiyo adui mkubwa wa seli hizi. Programu nyingi hutaka prednisoloni isizidi miligramu 0.5 kwa kilo kwa siku. ATG na alemtuzumabu, dawa za kuua seli T zinazotolewa wakati wa upandikizaji, hubaki mwilini kwa wiki kadhaa na huziua seli mpya kama zilivyoua za zamani. Kwa mwenye figo au moyo wa kupandikizwa, dawa za kushusha kinga hazipunguzwi bila timu ya upandikizaji kukubali.

Siku yenyewe huwa fupi kuliko watu wanavyodhani. Mfuko huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 na kutiwa mshipani ndani ya dakika chache, maana DMSO, kemikali ya kuhifadhia seli zikigandishwa, huzidhuru seli zikishayeyuka. Parasetamoli na dawa ya mzio zinaruhusiwa. Haidrokotisoni ya “kujikinga” isitolewe, kwani nayo ni steroidi. Mpira wa dripu usiwe na kichujio cha chembe nyeupe (kitazinasa zote!), na mfuko usipigwe mionzi. Harufu kama ya kitunguu saumu itatoka kwa mgonjwa siku hiyo. Ni DMSO tu.

Dawa za virusi ziendelee. Pimeni kila wiki, maabara ileile, sampuli ya aina ileile, kwani plazima na damu nzima hazilinganishwi. Vipele, kuhara au bilirubini kupanda vichunguzwe haraka kama GVHD, yaani seli za mtoaji kuushambulia mwili wa mgonjwa. Vipele vichache vianzie mafuta ya kupaka kabla ya steroidi ya kumeza. Virusi vikishuka kisha vikapanda tena, huenda mwili umezikataa seli za benki. Dozi nyingine inawezekana, pengine ya mtoaji tofauti.