Usimuulize bibi "maji mnaitaje?"

Bibi mzaa mama ni Mgweno, wa milimani Upare Kaskazini, wilaya ya Mwanga. Watu wakisikia Upare hudhani kila mtu kule huongea Chasu, yaani Kipare. Kigweno ni lugha nyingine, iko karibu zaidi na Kichaga, na kwetu imebaki vinywani mwa wazee. Mama na ndugu zake walikulia Chasu cha majirani na Kiswahili cha shule. Sisi wajukuu tukaambulia Kiswahili tu. Ndiyo, hikihiki ninachoandikia. Tumezoea kukilaumu Kiingereza, lakini huku milimani hakikuhusika.

Mara ya kwanza nilipanda na daftari la maneno mia. "Bibi, maji mnaitaje? Na jiwe?" Alinijibu kama mtu aliyeitwa polisi. Tulipofika la arobaini akasema ana kuni za kutafuta, akaondoka.

Kwa hiyo orodha iache nyumbani. Omba ruhusa ya kurekodi, weka simu pembeni, mwache afanye kazi zake. Bora zaidi, tafuta mzee mwenzake. Siku jirani yake alipokuja wakabishana kuhusu mpaka wa migomba, ndipo nilipokisikia Kigweno chenyewe: kejeli, viapo, kicheko katikati ya ugomvi. Peke yake bibi hakuwa na wa kuzungumza naye. Mimi nilikuwa mgeni mwenye daftari.

Na sauti zihamishe siku hiyohiyo. Simu yangu iliibiwa stendi ikiwa na rekodi ya bibi ya saa tatu. Sijapona.

Binamu yangu huniuliza faida yake nini, wote si tunaelewana? Tunaelewana, sawa. Ila Wagweno walikuwa wafua chuma. Ukoo wa Washana ulitawala kwa uhunzi huo hadi Wasuya walipowapokonya utawala, na Wachaga walikuwa wateja wa chuma cha Ugweno. Hayo wanahistoria wameyaandika, nawe unaweza kuyasoma kwa Kiswahili au Kiingereza. Maneno ya kiwandani kwa mhunzi sijayaona popote.

Likizo iliyopita nikamuuliza bibi sehemu za mvukuto ziliitwaje (nilirudia kosa lilelile, najua). Alikumbuka mbili. Ya tatu aliitafuta muda mrefu, mkono ukipanda na kushuka kana kwamba anavukuta, kisha akasema hiyo aliijua babu yenu.

Babu tulimzika 2009.