Usifute sifuri za mbele kwenye baineri!

Mkuu uliyeuliza kugeuza anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) kutoka baineri, yaani namba za 0 na 1 tu, kwenda desimali, namba zetu za kawaida: ishia hapo hapo, hiyo anwani usiiingize kwenye ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao. Umeandika 11000000.10101000.1010.1000001 halafu ukapata 192.168.160.130. Namba mbili za kwanza sawa. Za mwisho ni msiba, na msiba huo naujua, ulinitoboa mfuko.

Kila kundi kati ya nukta lina biti nane, yaani tarakimu nane za 0 au 1. Siyo nne, siyo saba. Thamani zake kutoka kushoto ni 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Wewe 1010 umeianzishia kwenye 128, ukajumlisha 128 na 32. Ijaze kwanza kushoto: 00001010. Sasa moja zimeangukia 8 na 2, jibu 10. Ile nyingine ni 01000001, yaani 64 na 1, jibu 65. Na hiyo 130 ilitakiwa ikushtue: baineri inayoishia na 1 haitoi namba shufwa hata uiombee dua.

Mimi yalinikuta kwenye duka la jumla Kariakoo. Napiga hesabu za sabneti (kipande cha mtandao) kwenye karatasi, 10 yangu ikageuka 160, nikajaza getiwei (anwani ya ruta, mlango wa kompyuta kutokea intaneti) 192.168.160.1 kwenye kompyuta zote wakati ruta aliyoacha fundi wa kwanza ni 192.168.10.1. Kibaya zaidi, kompyuta zenyewe zilikuwa zinaonana vizuri tu! Nje ndiyo hazitoki. Nikasema ruta imekufa. Mwenye duka akanunua mpya, nikaifunga kwa namba ile ile ya ruta ya zamani, kimya. Nikahamia kwenye nyaya, nikabana vichwa upya hadi vidole vikavimba, wateja wamejaa na keshia anaandika risiti kwa mkono. Ruta na nyaya vyote vikakatwa kwenye malipo yangu. Yule mzee hadi leo tukipishana Msimbazi anashika mfuko, utadhani mimi kibaka.

Na chanzo ni mwalimu wetu wa kozi ya jioni: "Sifuri ya mbele haina kazi, futeni, mnamaliza wino." Wino! Si angelipia yeye ile ruta.

Ila kwenye desimali usizijaze. Ukiandika 192.168.010.1, kuna programu zinasoma 010 kwa msingi wa nane (huko 10 maana yake nane), unajikuta unaita 192.168.8.1.

Uliuliza na mambo ya maski (namba inayoonyesha ukubwa wa sabneti), sijui /26, wengine watakujibu. Wewe jaza makundi yote yafike biti nane, piga hesabu upya, ubandike hapa tuone kabla hujagusa ruta ya watu.