Namwagilia asubuhi, jioni pameshakauka

SWALI: Shikamoo bwana shamba, nina bustani ya mchicha na nyanya huku Mkuranga, maji hayakai kabisa, mbolea naweka ila majani bado ya njano. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo una udongo wa kichanga, chembe zake kubwa, zingine zinafika milimita 2, maji yanapita katikati fasta na kuondoka na mbolea yako ya yurea kabla mizizi haijala. Lowanisha udongo kidogo, ufinyange, usukume kwa dole gumba utoke kama utepe: wako utakatika hapo hapo, ila ule mweusi wa mbuga kule Shinyanga unatoka utepe mrefu maana chembe za mfinyanzi hazifiki hata milimita 0.002, unashika maji na mbolea vizuri lakini kiangazi unapasuka nyufa na masika unanasa jembe. Kwa hiyo usiudharau wako, unalimika kirahisi na mizizi inapumua. Weka samadi iliyooza, nyingi, kila msimu, tandaza nyasi juu, yurea igawe mara tatu usimwage yote siku moja. Kuleta mfinyanzi kwa lori uchanganye achana nako, utamaliza hela bure.