Huo mkunjo toka paji hadi puani wauacha makusudi

Umeuliza kama daktari kakosea kumrudisha mzee nyumbani Shela na ule mkunjo wa nyama toka paji la uso mpaka puani, na mbona hawakubandika ngozi ya paja. La, hajakosea, pua imejengwa upya kwa ngozi ya paji iliyogeuzwa chini, na ndani ya huo mkunjo mna mshipa unaolisha ile ngozi damu, mkunjo utakatwa baadae, kawaida kama wiki 3 hivi, ngozi ikishashika na kupata damu ya pale pale puani. Niko wodi ya upasuaji hapa Malindi, hizo bendeji nafunga sana, nikigusa na mgongo wa kidole ile ngozi yatakiwa iwe na vuguvugu kama shavu. Ngozi ya paja wangeweza kubandika ndio lakini haiji na damu yake, juu ya gegedu tupu (ule mfupa laini wa pua) haishiki, tena yasinyaa na rangi haiendani na uso. Wahindi wakifanya hivi hivi tangu kale, gazeti la London liliiandika 1794. Ila kama avuta sigara aache sasa hivi wallahi, yabana mishipa na ngozi yaweza kufa. Na ikiwa baridi au ikigeuka nyeusi msingoje siku ya kliniki, mvusheni aje hospitali siku hiyo hiyo.