Mteja anapokusomea majibu ya akili mnemba

Mnasihi mmoja ameniandikia. Mteja wake, mhasibu, kila kikao huchomoa simu, akasoma alichojibiwa na akili mnemba, kisha akauliza, "Na wewe unasemaje?" Je, amkataze?

Asimkataze. Mteja asome, ila aya moja. Akisoma kurasa tatu, dakika 50 za kikao zimekwisha bure. Halafu uliza kwa mpangilio huu: uliiandikia saa ngapi, nini kilitokea kabla ya hapo, na ulitamani ikujibu nini. La pili wengi hulikwepa: "Hakuna kitu." Rudi nalo taratibu, hadi chakula cha jioni, hadi simu ya mama. La tatu ndilo lenye nyama.

Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, aliita jambo hili uhamishaji: msikilizaji wa leo huvikwa sura ya mzazi wa jana. Wala si lazima awe mtu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyogeuza tu maneno ya mtu yakawa maswali. Katibu wake, aliyejua fika kuwa ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani.

Lakini mashine haifungi ofisi, na mara nyingi humkubalia mtu anachosema. Mteja hapati wa kumkasirikia. Hasira hiyo utaletewa wewe: atachelewa, atasahau malipo, atakushindanisha na simu. "Na wewe unasemaje?" ni mtihani huo. Usiufanye. Mwambie tu, "Naona unatulinganisha. Ungeumia nikishindwa?"

Hofu ya kupoteza kazi ishughulikie kwa namna nyingine. Kwanza uliza ni kazi zipi ofisini zimeshachukuliwa na mashine. Kama barua ya kupunguzwa ipo mkononi, achana na maswali ya utoto wake. Hapo pana mkataba na karo vya kushughulikia. Kama hakuna dalili yoyote naye halali usingizi, sikiliza maneno anayochagua. "Wataniondoa bila hata kuniaga" si lugha ya uhasibu. Uliza nani mwingine aliwahi kuondoka bila kuaga.

Kosa linaloharibu zaidi ni kumpa tafsiri, yaani kumweleza maana ya anachofanya, mapema, wiki ya pili hivi, tena kwa hotuba. Ataitikia kwa kichwa, kisha usiku ataiuliza simu ulimaanisha nini.

Ila maongezi, yawe na simu au na wewe, yakigusa kujiua, weka tafsiri zote kando: uliza waziwazi kama ana mpango na njia, na asitoke kabla hamjakubaliana nani atakuwa naye usiku huo.