Chumba cha chini kuwa sinema ya nyumbani: malizana na chumba kwanza, spika baadaye

Jamani wa Kigoma, kama nyumba yako imekaa kwenye mteremko, iwe Mlole, Bangwe au huku Mwanga, basi chumba ninachokisema unakijua. Fundi alivyochimba msingi upande wa juu ukaingia mlimani, upande wa bonde ukabaki wazi, kikapatikana chumba chini ya nyumba ambacho kila mtu anakifanya stoo, madumu ya mawese, mabati yaliyobaki, baiskeli isiyo na tairi. Mimi cha kwangu nimekigeuza sinema ya familia, nimefanya kazi nyingi kwa mkono wangu na nyingine nimeita fundi, na kila mgeni akishakaa akaangalia dakika kumi swali ni lile lile, hii sabufa umenunua wapi. Mi najibu kwamba sabufa ni ya kawaida kabisa, hela imeenda kwenye ukuta. Na huo ndo ushauri wangu wote, hela yako ya kwanza iende kwenye chumba, mashine ndo zifuate, mana mashine ya bei kubwa ndani ya chumba kibovu inalia vibaya na inakufa mapema.

Tuanze na maji mana ndo adui mkubwa. Huku mvua zinaanza Oktoba au Novemba zinakwenda hadi Aprili au Mei, na ule upande wa ukuta ulioshikana na mlima unakunywa maji muda wote huo. Nyumba nyingi zetu ni tofali za kuchoma na tofali ya kuchoma inanyonya haswa. Angalia chini ya ukuta, ukiona unga mweupe kama chumvi au rangi inabanduka magamba basi unyevu upo. Kama hauonekani kwa macho chukua kipande cha nailoni isiyopitisha hewa, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, iache siku mbili, afu angalia. Ukikuta matone yako upande wa ukutani maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe, ukikuta yako upande wa chumbani hiyo ni hewa ya chumba ndo ina unyevu, tatizo tofauti na dawa tofauti. La pili unalimaliza kwa kupitisha hewa, la kwanza linataka jembe.

Nasema jembe kwa maana yake, mana watu wengi wanakimbilia kupaka plasta yenye dawa ya kuzuia maji kwa ndani. Inasaidia kweli, lakini maji yakiwa yanasukuma kutoka nyuma mwisho wa siku yanaibandua. Kazi inaanzia nje. Mimi na vijana tulichimba mtaro upande wa mlimani sambamba na ukuta, tukashusha hadi chini ya usawa wa sakafu ya chumba ila bila kuugusa udongo ulio chini ya msingi (hapo usicheze, kama msingi wako mfupi muite fundi ujenzi aangalie kwanza), tukalaza bomba lenye matundu likielekea bondeni, tukajaza kokoto. Maji ya mlimani yakifika pale yanashuka kwenye kokoto yanaondoka, hayapati muda wa kukaa na ukuta. Halafu maji ya bati usiyaache yadondoke hapo hapo nyuma, weka gata uyapeleke kwenye simtanki au mbali. Baada ya hapo nikaacha masika mazima yapite ndo nikapiga plasta ya ndani. Watoto walilalamika sana lakini subira hii naitetea, ukuta unahitaji kupimwa na mvua yenyewe.

Ila kama uko bondeni karibu na maji, Kibirizi au Ujiji kule chini, mi nakushauri achana na chumba cha chini kabisa. Tumeona wenyewe ziwa lilivyopanda miaka hii likaingia kwenye nyumba za watu, mtaro wa kokoto hauzuii Tanganyika. Tumia chumba cha juu, mengine yote nitakayosema yanafaa vile vile. Na shemeji yangu wa Tabora aliniuliza na yeye afanyeje, kule ni tambarare hakuna mambo ya chumba cha chini, nikamwambia chagua chumba chenye madirisha machache kisichopigwa na jua la jioni, basi.

Sasa giza. Hapa ndo chumba cha chini kinakulipa mana dirisha ni moja au hakuna, na giza ni hela. Nieleze vizuri. Picha ya inchi 100 kwa umbo la TV za sasa ina upana wa kama sentimita 221 na urefu wa kama 125. Kwenye giza kamili na ukuta mweupe wa kawaida, lumeni 500 za kweli (lumeni ndo kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta) zinatosha kukupa mwanga wa kiwango cha majumba ya sinema. Mia tano tu! Kwenye sebule yenye mwanga wa mchana hata elfu tatu picha inakuwa imefifia. Kwahiyo mwenye chumba cha giza ananunua projekta ndogo na bado anamshinda mwenye kubwa. Lakini angalia neno la kweli hapo, vile viprojekta vya bei chee boksi linaandikwa lumeni maelfu kwa maelfu, wewe tafuta lumeni zilizoandikwa ANSI au ISO, yaani zilizopimwa kwa viwango rasmi, kama hazipo usiamini namba nyingine yoyote. Na wakikwambia inasapoti 1080p (picha ya mistari 1080) uliza je ndo resolusheni yake yenyewe, yaani idadi ya nukta inazoonesha, mana kusapoti maana yake inapokea tu halafu inaipunguza.

Rangi nayo watu wanaidharau. Ukuta wa picha mweupe usiong'aa, uliopigwa skimu vizuri ukawa laini, hauhitaji kununua skrini. Kuta zingine na dari paka rangi nzito isiyong'aa, kijivu cha giza, bluu ya giza, kahawia, mana mwanga wa picha unagonga dari nyeupe unarudi kwenye picha na weusi wote unakuwa kijivu. Mke wangu hakuupenda huu mpango wa dari nyeusi, tukakubaliana kahawia iliyokolea na kwa kweli imependeza kuliko nilivyotaka mimi.

Kukaa, kwa inchi 100 kaa mita tatu mpaka nne, ukisogea zaidi shingo inazunguka, ukirudi nyuma zaidi ni kama umerudi kwenye TV ya sebuleni. Na kochi usiligandishe kwenye ukuta wa nyuma, acha nafasi hata ya mita moja kama chumba kinaruhusu, sababu besi inajikusanya ukutani na kwenye kona.

Tumefika kwenye sauti na hapa nitakaa kidogo mana ndo napenda. Ingia kwenye chumba kitupu cha plasta na sakafu ya sementi piga kofi moja. Utasikia ile trrrr inayokimbia juu. Sasa kila neno la kwenye muvi litafanya hivo hivo, ndo mana watu wanaongeza sauti wee na bado hawasikii maneno, halafu wanasema spika mbovu. Sio spika. Ni kuta mbili ngumu zinazotazamana zinarushiana sauti. Dawa ni vitu vinene na laini, na tafadhali sana tray za mayai achana nazo, zinavuta vumbi na mende na zinaungua haraka, sauti hazifanyi chochote cha maana. Godoro la sponji linameza sauti za juu tu na likishika moto moshi wake ni sumu, chumba chenye mlango mmoja usijaze sponji.

Mimi nilichofanya, nilimpa seremala mbao akanitengenezea fremu za kina cha sentimita kumi hivi, ndani nikajaza mablanketi mazito ya zamani yaliyokunjwa matabaka, mbele nikavalisha kitenge. Sisi wa Kigoma kwa vitenge hatuna shida, vinavuka ziwa kila siku, ila kile kipya chenye ile wanga inayokifanya kigumu kifue kwanza, kisha kiweke mdomoni ukipulize. Pumzi ikipita na sauti itapita ikafike kwenye blanketi, pumzi isipopita kitenge kinarudisha sauti kama ukuta. Chagua vya rangi nzito kwa sababu ile ya mwanga. Fremu zisigusane na ukuta, acha nafasi ya vidole vinne nyuma yake, hapo umepata mambo matatu kwa pamoja, hewa inapita unyevu haujikusanyi, mchwa ukianza kupanda unauona mapema, na fremu inameza sauti nzito kidogo kuliko ikiwa imebanwa ukutani.

Ziende wapi? Kaa kwenye kochi, mwambie mtoto atembeze kioo kwenye ukuta wa pembeni, pale unapoiona spika ya mbele kwenye kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia, weka fremu hapo. Fanya upande wa pili. Kisha ukuta wa nyuma ya kichwa. Chini kapeti nene. Piga kofi tena usikie tofauti, mi nilicheka peke yangu kwa furaha. Ila usifunike kila kitu, chumba kikifa kabisa kusikiliza kunachosha, acha sehemu ya kuta wazi.

Spika zenyewe sasa. Kama ni zile tano na sabufa, mbili za mbele kila moja iwe nyuzi 30 kutoka katikati, yaani wewe na spika mbili mnafanya pembetatu yenye pande sawa. Ya katikati ndo inabeba mazungumzo karibu yote, kwahiyo iweke chini tu ya picha, iinamishe juu kidogo itazame masikio, na ukibanwa na hela hiyo ndo usiibanie. Za pembeni ziwe kushoto na kulia kwako zikirudi nyuma kidogo, nyuzi 110 hivi, juu kidogo ya usawa wa sikio. Sabufa usiikisie. Iweke kwenye kochi pale unapokaa wewe, cheza wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe ndo utambae kando ya kuta ukisikiliza, pale besi inaposikika sawa haivumi haipotei, hapo ndo mahali pake. Majirani wakikuona watashangaa lakini ndo njia bora kuliko zote ninazozijua.

Umeme nitasema kwa kifupi ila kwa msisitizo, ita fundi mwenye leseni. Chumba kiwe na laini yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, na athi iwe ya kweli imeshuka ardhini. Mashine zote zichukue umeme sehemu moja, ile mvumo wa mmmm kwenye spika mara nyingi unatokana na mashine kuchukua umeme sehemu mbili tofauti. Umeme ukikatika ukarudi unarudi na nguvu za ajabu, weka fridge guard au stabilaiza, na kama projekta yako ni ya taa (sio LED wala leza) weka UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, mana taa ikizimwa ghafla bila feni kuipoza inakufa mapema. Matumizi sio ya kutisha, projekta ya wati 250 kwa muvi ya saa mbili ni nusu yuniti ya LUKU.

Na radi. Wote tunajua radi za huku kwetu. Wingu likianza kunguruma upande wa Kongo chomoa plagi, na chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, huo ndo watu wanausahau na unaleta radi moja kwa moja kwenye mashine. Fridge guard haizuii radi.

Hewa: tundu moja chini ukutani upande wa bonde, lingine juu upande wa pili, yote na wavu wa mbu, na feni ndogo ya kutoa hewa kwenye lile la juu. Watu sita na projekta kwenye chumba kilichofungwa, katikati ya muvi wote wanasinzia kwa joto. Projekta isafishe filta kila mwezi kiangazi, vumbi letu jekundu linaziba haraka.

Mwisho mlango. Sauti inapita hewa inapopita, kwahiyo mlango wa mbao nzito za mninga, mpira kuzunguka fremu, na kitu cha kuziba chini. Besi itatoka tu, hakuna wa kuizuia kwa bajeti yetu, inapita kwenye ukuta na ardhi. Kwahiyo siku ya kwanza washa kwa sauti unayoipenda halafu nenda kwa jirani wa upande wa bonde, kaa chumbani kwake kabisa usikilize naye, mkubaliane mwisho saa ngapi. Sisi tumekubaliana saa nne usiku, siku za Simba na Yanga yeye na wanawe wako kwetu.